Mbele ya treni, nta ilipita hapa



Mu kikao cha mwezi wa sita tuliacha shauri moja bila kulimaliza. Mununuzi wa makala alikuja kutembelea pori letu, lile lenye kuwa nyuma ya mashamba ya muhogo, upande wa reli ya Mutshatsha. Alihesabu mitondo na miputu yenye kusimama, akasema atatoa feza yote mara moja. Sanduku letu munalijua. Tangu mwaka ulianza tumezika watu, tumelipa hospitali, tumepokea familia zenye zilifika na mifuko miwili na sufuria. Wengi walinyoosha mukono kukubali. Kisha wazee wawili wakasimama na kusema mule pori muko mizinga yao, na makundi ya nyuki yenye wanakamata kila mwaka yanatokea mule, kwa hiyo mbele ya kukata inafaa chama kijue kinakata nini. Kikao kikaomba mutu aandike historia yake. Kazi ilianguka juu yangu, juu mwalimu wa zamani hana namna ya kukataa karatasi.

Nitaanza mbali kidogo. Hapa kwetu mutoto akiulizwa historia ya Lualaba anajibu: shaba, Union Minière, Gécamines, sasa kobalti. Ni kweli, na shaba haikungojea Wazungu. Wazee wa Basanga waliiyeyusha na kuifanya misalaba midogo yenye ilikuwa kama feza, zamani sana. Lakini watu wa bahari ya magharibi, wale wa Benguela na Luanda, hawakutuma misafara yao huku juu ya shaba kwanza. Walifuata watu, kwa kuwafanya watumwa. Walifuata pembe. Na walifuata nta.

Mu 1854 David Livingstone, yule mumisionari wa Scotland, alikata inchi ya Walunda akienda Luanda, mu safari yenye ilimupitisha karibu na ziwa Dilolo. Aliona mizinga juu ya miti na akaandika namna ilikuwa inatengenezwa. Fundi anakata duara mbili kuzunguka shina, moja juu na moja chini, mu nafasi ya karibu metre moja na nusu. Kisha anapasua mustari mumoja wa kushuka toka duara la juu mpaka la chini. Anatenganisha ganda na shina polepole, juu likivunjika kazi imekufa. Ganda linatoka zima, na kwa nguvu yake lenyewe linajikunja tena namna lilikuwa juu ya muti. Anashona ule mupasuko na vijiti, anaziba ncha zote mbili na kamba ya majani yenye kuzungushwa, na upande mumoja anaacha tundu la nyuki. Muzinga unalazwa juu sana mu matawi, umelala, haukusimama. Muzee yeyote wa Mutshatsha, Kasaji ao Sandoa akisomewa ile atasema: huyu muzungu alitazama vizuri.

Kuna mambo mawili yenye aliongeza na yenye ninataka muyashike. La kwanza, nta yote yenye ilitoka Benguela na Luanda ilipatikana vile, na ilikuwa kazi ya watu huru, haikuwa ya watumwa. La pili, kwa shina la muti wenye muzinga walifunga dawa, kitu kidogo tu, na ile ilitosha kukataza wezi.

Mimi ninasoma ile dawa kama vile leo tunasomaka karatasi ya shamba yenye muhuri. Muti wenye dawa ulikuwa na mwenyewe. Pori lenye miti kama ile kumi, makumi mawili, lilikuwa na wenyewe, na kila mutu wa kijiji alijua mupaka, hata kama mupita njia aliona miti tu. Tutarudia hapa.

Kwa nini nta, haiko buki? Buki ni nzito, inamwagika, na watu waliimaliza nyumbani, ikiwa tamu ao ikiwa pombe. Nta haiozi. Unaiyeyusha mu maji ya moto, unachuja, unaacha igande iwe kama mukate, na mutu anaibeba juu ya kichwa miezi mingi bila kuharibika. Kwenye bahari iliingia mu meli, ikaenda kufanya mishumaa ya kanisa mu inchi zenye hazikujua hata jina la Lualaba. Biashara ilikua zaidi wakati Ureno ilifungulia kila mutu biashara ya pembe mu 1834, na ikakataza kutoa watumwa kwa meli mu 1836. (Watumwa walitolewa bado kwa siri, miaka mingi.) Wabebaji wa Bihe, wenye Livingstone aliwaita Mambari, walipanda na vitambaa, chumvi na bunduki, wakashuka na nta na pembe. Misafara yao ilifika mpaka Bunkeya kwa Msiri.

Wenye walifaidika kwanza ni Wachokwe, juu walikuwa wawindaji na mafundi wa nyuki pamoja. Nta na pembe ziliwapa bunduki. Bunduki ziliwapa pembe zaidi, na wanawake na watoto wenye kukamatwa. Walipanda kuelekea kaskazini kijiji kwa kijiji, na mu miaka ya 1880 walifika kuvunja musumba wa Mwant Yav mwenyewe. Kwa hiyo nisisikie mutu mu kikao akisema biashara ya nta ilikuwa ya amani. Ilikuwa kazi safi mu mikono ya mwenye kupanda muti, na ilinunua mambo machafu. Mu chama chetu muko Walunda, muko Wachokwe, muko Walwena, muko Basanga, na wote tunakula buki moja. Niliona ni vizuri kusema wazi.

Kisha ikaja reli. Robert Williams, Muingereza wa mambo ya madini, alipata ruhusa ya Ureno mu 1902 kwa kujenga reli toka Lobito. Mu 1931 ile reli iliungana na yetu, yenye ilitoka Tenke kuelekea Dilolo. Kolwezi haikukuwa bado muji: Union Minière iliusimamisha mu 1937 na 1938. Reli ilielekea kule kule kwenye misafara ya Bihe ilikuwa inaelekea, ila mizigo yake sasa ilikuwa shaba. Vita vya Angola viliifunga mu 1975, na mu 2018 mizigo ya madini ilianza kupita tena. Leo radio inasema kila siku juu ya njia ya Lobito kama ni kitu kipya.

Sasa tutoke kwanza mu njia, tuingie mu pori, juu bila kujua nyuki anafanya nini mule, shauri letu haliwezi kukatwa.

Nyuki wetu wa hapa hachungwi kama kuku. Mutu hamufugi, anamutengea nyumba na kungoja. Kuna safari mbili zenye nyuki anafanya, na watu wengi wanazichanganya. Ya kwanza ni kugawanyika: chakula kimekuwa kingi, nyumba imejaa, basi malkia wa zamani anatoka na sehemu kubwa ya nyuki, anaacha nyumba kwa malkia kijana mwenye kuzaliwa. Lile kundi linatundikwa kwenye tawi kama mufuko, saa chache ao siku chache, na wapelelezi wanaenda kutafuta shimo. Ya pili ni kuhama: njaa, moto, siafu, kukosa maji, ao mutu mwenye kuvuna bila kuacha kitu. Pale kundi lote linaenda, linaacha masega matupu. Mwenye kujua anaangalia wakati. Kundi la kugawanyika linakuja wakati wa maua. Kundi la kuhama linakuja wakati wa shida, kila mara ni dogo, na linaweza kuhama tena mbele hujafunga kamba.

Maua yetu yako na kalenda yake. Muputu na musamba zinatoa majani mapya mekundu na maua mu mwezi wa kenda mpaka wa kumi na moja, mbele ya mvua kubwa. Ile ndiyo mavuno makubwa. Kisha mvua inafunga nyuki ndani na maua ni haba. Wakati mvua inaelekea kuisha, toka mwezi wa tatu mpaka wa tano, mutondo unachanua, na buki ya pili inapatikana. Kutoka pale inakuja baridi na ukavu, mwezi wa sita mpaka wa munane, na moto wa pori. Mule nyuki anaishi kwa akiba, na kwa vitu vidogo: maembe yenye kuchanua mu baridi, avoka, mikaratusi, alizeti ya mutu mwenye kulima karibu na maji. Muone sasa maana ya pori lenye mitondo na miputu pamoja. Moja inalisha mwanzo wa mvua, ingine inalisha mwisho wake. Ukitoa mutondo, unatoa mwezi wa tatu na wa nne wote, na kundi linaingia mu baridi bila akiba. Nyuki haangalii uzuri wa muzinga wako.

Mara nyingi nyuki anatafuta chakula mu kilometre 2 ao 3 kuzunguka nyumba yake, na akikosa anaenda mbali zaidi. Fanyeni hesabu: duara ya kilometre 3 kila upande ni karibu hektari 2.800. Pori letu ni sehemu ndogo ya ile duara. Mutu mumoja alisema mu kikao, basi hata tukikata, nyuki atakula kwa majirani. Lakini majirani nao wanaongea na yule yule mununuzi. Na kama kila mutu anahesabu juu ya pori la mwingine, mununuzi atamaliza duara yote bila kubishana na mutu.

Juu ya kukamata makundi, wazee wetu wawili wanajua kuliko mimi, lakini waliniomba niandike kwa ajili ya vijana, hasa juu ya yale ya soko. Kila mwaka kundi linaanguka sokoni, chini ya mabati ya muchuuzi ao mu muembe wa shule, na mutu anakimbia kutafuta petroli na kiberiti. Ni hasara na ni hatari. Kundi lenye kutundikwa limejaza matumbo na buki na halina nyumba ya kulinda, kwa hiyo mara nyingi liko pole kuliko lenye kuwa mu muzinga. Haina maana watoto wakaribie. Kuna watu wenye dardo moja inawafunga pumzi, na mutu kama ule anaweza kufa. Ondoa watu, ngoja saa za magharibi. Weka sanduku ao muzinga mutupu chini ya tawi, rushia kundi maji kidogo, tikisa tawi mara moja na nguvu. Kisha tazama tundu: kama nyuki wenye wako pale wanainua mikia na kupepea mabawa, malkia ameingia, na wengine wanamufuata kwa harufu. Kama wanatoka kurudi kwenye tawi, malkia angali juu. Ngoja giza, funga, beba.

Njia nzuri zaidi ni ya Livingstone: kutundika na kungoja. Muzinga wenye ulikaliwa mbele unavuta kuliko mupya, juu ya harufu ya nta. Mupya unapakwa nta yenye kuyeyushwa, na majani ya mchaichai yenye kusuguliwa ndani. Ile haiko uchawi: harufu ya mchaichai inakaribiana na ile yenye nyuki mwenyewe anatoa kwa kuita wenzake. Weka kivuli, weka juu, na paka majivu ao grisi kwenye kamba juu ya siafu.

Nilisema tutarudia ile dawa kwenye shina. Mu tarehe 1 mwezi wa saba 1885, utawala wa Leopold II uliandika kwamba udongo wenye hauna watu ni mali ya Leta. Swali lilikuwa: nani ataona kama kuna watu? Mwenye kuhesabu alihesabu nyumba, na mashamba yenye kulimwa. Muti wenye muzinga kilometre 5 toka kijiji, wenye mutu anapanda mara mbili kwa mwaka, haukuwa nyumba wala shamba. Hivi pori la nyuki likawa pori tupu, juu ya karatasi. Tangu 1900 Comité Spécial du Katanga ilisimamia udongo huku, na Union Minière ilizaliwa mu 1906. Baada ya uhuru sheria ya Bakajika ya 1966 na ile ya udongo ya 1973 zilirudisha udongo kwa Leta ya Kongo, lakini haikuwa kuurudisha kwa mwenye muzinga. Jina la mwenyewe liligeuka, macho ya mwenye kuhesabu yalibakia yale yale.

Union Minière haikukataza buki. Ilifanya isiwe na maana. Mu kambi mutu alipewa posho, nyumba, dispensaire, na mutoto wake alijifunza kwamba mwenye kupanda miti ni mutu wa porini. Miti yenyewe iliingia mu mashimo kushika udongo, na mu majiko. Lualaba lilifungwa Nzilo mu 1952 kwa kupata umeme wa kazi, na mpaka leo nyaya zinapita juu ya vijiji vyenye kupika kwa makala. Kuhusu vilima vya shaba vyenyewe, vile vyenye havina miti juu udongo wake ni sumu kwa mizizi, nyuki hajapoteza miti pale: haikuwako. Watafiti wa zamani walifuata vile vilima vitupu na ua lake dogo la zambarau kwa kujua shaba iko wapi. Chenye nyuki alipoteza ni pori katikati ya vilima, lenye lilikatwa kwa ajili ya kuchimba.

Sasa tunafika kwetu shiye wenyewe. Mu mwezi wa tatu 1977 wajandarme wa zamani wa Katanga waliingia toka Angola, wakakamata Mutshatsha, na mwezi wa nne askari wa Zaire na wa Maroko wakairudisha. Mu 1978, tarehe 13 mwezi wa tano, waliingia Kolwezi yenyewe, na tarehe 19 parashuti za Wafaransa zikashuka. Munajua mengine, wengine wenu mulikuwa mu pori na mutoto mugongoni. Watu walikimbilia Angola, wengine Zambia. Tena 1992 na 1993 wengine walipandishwa mu treni kwa nguvu kwenda Kasai, wakiitwa wageni mu muji wenye walizaliwa, na baadhi yao leo wanakaa mu chama chetu na wanachanga kama wote.

Wenye walienda Zambia wengi walipitia Meheba, kambi yenye ilifunguliwa mu 1971 upande wa Solwezi, kwanza kwa wakimbizi wa Angola. Ile ni inchi ya Walunda na Wakaonde, na pori lake ni ndugu ya pori letu: mutondo ule ule, muputu ule ule. Kule, toka Mwinilunga mpaka Kabompo, muzinga wa ganda haukudharauliwa vile. Leta ya Zambia ilikuwa na watu wa kazi ya nyuki, na buki ya Kabompo, yenye kutoka mu mizinga ya maganda tu, ilipata kuuzishwa mpaka Uingereza, na cheti cha kwamba pori lake halina dawa ya kemikali. Kitu chenye kwetu kilikuwa aibu, kule kilikuwa na bei. Wazee wetu wawili wenye walisimama mu kikao walitoka kule. Mumoja aliondoka hapa kijana wa kambi mwenye hakujua kupanda, akarudi fundi.

Kule pia waliona ubaya wake, na wanausema bila kuficha. Muti wenye umevuliwa ganda kuzunguka unakufa. Muzinga mumoja, muti mumoja. Mutu mwenye mizinga mia ameua miti mia, hata kama polepole. Ndiyo maana wanatoa ganda paka kwa miti yenye iko mu shamba lenye litafunguliwa, yenye itakufa hata hivi. Mizinga ya mbao inaweza kusaidia, ila mbao ni bei kubwa huku. Wengine wanapenda mapipa ya plastiki yenye kutoka kwenye makampuni. Hapo ninaandika na herufi kubwa mu roho: PIPA LENYE LILIBEBA ASIDI AO DAWA YA KIWANDA LISIINGIE MU KAZI YA NYUKI, hata likioshwa mara kumi. Nta inakunywa harufu na mafuta ya kila kitu, na buki tunapatia watoto.

Juu ya makala sitawahubiri, shiye wote tunayapika. Pori letu likikatwa halifi mara moja: visiki vya mutondo na muputu vinachipuka tena, na mutu mwenye kupita miaka mitano baadaye ataona majani mabichi. Lakini vichipukizi haviko muti wa maua. Inapita miaka mingi mbele ya kuchanua namna ya kujaza muzinga, na kama moto wa mwezi wa kenda unapita kila mwaka, hawafiki pale. Hii ilipimwa. Karibu na Ndola, ng'ambo ya mupaka, watu wa misitu walitenga vipande vya pori mu miaka ya 1930. Kimoja walichoma mwanzo wa ukavu kila mwaka, kimoja mwisho wa ukavu, kimoja hawakuchoma. Kile cha moto wa mwisho kilipoteza miti mikubwa, kikabakia majani na vichaka. Kile cha moto wa mapema kilibakia pori. Kwa hiyo hata tukikataa makala, tusipochoma wenyewe kando-kando mu mwezi wa tano, wakati majani yangali na maji, tutakuwa tumemuwekea tu mwingine kiberiti.

Sasa feza, juu najua hapo ndipo mukono ulinyooshwa. Mununuzi atalipa mara moja na kuenda. Muzinga wa ganda wenye kukaliwa vizuri unaweza kutoa karibu kilo 10 za buki mu mwaka muzuri, na kila kilo 10 zinaacha karibu kilo moja ya nta. Haiko mizinga yote yenye kukaliwa: ukitundika 20 na 10 ikaingia nyuki, shukuru. Hivi buki ya mwaka wa kwanza haitafikia feza ya mununuzi, na mwenye kusema itafikia anadanganya chama. Itafikia baada ya miaka, ikiwa tunavuna na kuachia nyuki masega ya kutosha, na ikiwa mutu mumoja mwenye kuaminika anashika daftari. Kwa mazishi ya mwezi huu haitasaidia kitu. Kwa hiyo ninaunga mukono wa mama mumoja mwenye alisema tuuzishe kwanza miti yenye ilianguka na ile ya kando ya njia yenye itakatwa kwa shamba la soya, makala yake yaingie mu sanduku, na mitondo na miputu mikubwa ibakie. Ni kidogo kuliko bei ya mununuzi. Lakini si sifuri.

Na kuna jambo la karatasi. Tumeona Kasulo, ndani ya Kolwezi yenyewe: mu 2014 mutu alipata kobalti chini ya kiwanja, na mu muda mufupi mutaa wote ukawa mashimo. Huku kwetu siku moja watu wa kuhesabu watafika, wa mugodi ao wa barabara, na wataandika nyumba, muhogo, maembe. Muzinga wenye hauko mu daftari lolote hautaandikwa, sawa vile haukuandikwa mu 1885. Chifu wa kikundi amekubali kuweka muhuri wake kwenye orodha yetu, tukimuletea orodha.

Kikao ni siku ya Mungu ya kwanza ya mwezi wa munane, kisha ya misa, chini ya muembe wa shule. Mwenye muzinga mule pori, hata mutupu, hata wa marehemu baba yake, aje na jina lake, alama yenye anakata kwenye shina, na muti gani. Orodha itaandikwa mbele ya kura, haitaandikwa nyuma. Na wenye wanataka kutundika mipya walete maganda na kamba mbele ya tarehe 25 ya ule mwezi, juu mwaka jana muputu wa kwanza kando ya reli ulikuwa umeanza kutoa maua mu juma la kwanza la mwezi wa kenda.